Maharagwe machanga kwenye friji: yapi yamechoka, yapi yameoza?

Swali: Shikamoo. Siku sita zilizopita nilinunua mfuko wa maharagwe machanga ya kijani, yale yanayoliwa pamoja na ganda lake, kama kilo moja hivi. Niliuweka kwenye friji ukiwa umefungwa vilevile ulivyokuja. Leo nimeufungua nikakuta mengine yamelegea, mengine yana madoa ya kahawia kama kutu, na chini kabisa ya mfuko kuna machache yanayoteleza mkononi. Halafu baadhi yana kitu kama kivumbi cheupe. Mume wangu anasema nioshe nichemshe, moto unaua kila kitu. Mama yangu anasema tupa yote. Nimsikilize nani? Na siku nyingine nitajuaje mwenyewe kwamba yameharibika? Nina wasiwasi pia kwa sababu juzi nilipika kidogo kutoka mfuko huohuo, na mwanangu wa miaka mitatu alikula.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka, maana mfuko uko mezani na jiko linakusubiri. Yale yanayoteleza yatupe, na yale yaliyolaliana nayo hadi yakalowa ute wake yatupe pia. Yaliyolegea tu, hayana ute wala harufu, hayajaoza, yapike leo. Yenye madoa ya kahawia makavu yanalika, ila leo hii, yasingoje keshokutwa. Kivumbi cheupe kinaweza kuwa ukungu, na kinaweza kuwa vinyweleo vya haragwe lenyewe. Nitakuonyesha namna ya kuvitofautisha kwa kidole kimoja. Kwa hiyo mama na mume kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. La mtoto nitalijibu mwishoni, na nitalijibu kwa kirefu.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza za kuchambulia maharagwe haya kabla hayajafungwa kwenye makasha. Ninachokiona kila mara, mezani na majumbani, ni kwamba watu huamini macho kuliko vidole. Wakiona doa, wanatupa. Wakiona kijani kimekoza, wanapika, hata kama ganda limeanza kunata. Lakini haragwe linapoharibika, vidole hujua kwanza, pua hufuata, na macho huja mwisho.

Kwa hiyo jifunze kulipinda. Chukua ganda moja, shika ncha zake mbili kwa mikono miwili, kisha lipinde polepole kama mtu anayetaka kuzikutanisha. Lililo zima halifiki mbali. Linakatika ka! kabla hujafika nusu ya safari. Tazama pale lilipokatika: utaona unyevu unang'aa, na mara nyingine tone dogo sana linachungulia ukingoni. Kuta za ganda kwa ndani ni kijani hafifu na zimejaa, na punje ni ndogo, zimelala zimebanwa. Lililochoka halikatiki. Linapinda kama kamba, ncha zinakutana, ukiliachia linabaki limejikunja au linanyooka kwa uvivu. Lililooza halikatiki wala halipindi vizuri: linabonyea. Kidole kinazama, ngozi inateleza juu ya nyama yake, na maji yenye rangi ya majani yanabaki mkononi. Vunja, pinda, bonyea: ukizijua hali hizo tatu umeshajua sehemu kubwa ya kazi yangu.

Sababu yake si ngumu. Takriban sehemu tisa kwa kumi za ganda bichi ni maji, na maji hayo yamefungiwa ndani ya seli, kila seli imejaa kama mpira uliopulizwa. Zikiwa zimejaa hivyo, ganda linakuwa gumu na linakatika. Maji yakipotea hewani, seli zinapwaya na ganda linalegea, lakini kuta zake bado ni nzima. Hakuna kilichovunjwa, kimepungua tu. Kuoza ni jambo jingine kabisa. Hapo bakteria na kuvu wametoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ile gundi inayoshikanisha seli, na nyama ya ganda inageuka uji ndani ya ngozi yake. Ndiyo maana kulegea kunarudishika na kuoza hakurudishiki.

Unaweza kulithibitisha hilo jikoni kwako leo. Yale uliyoyaona yamelegea, yakate vikonyo, yatie kwenye bakuli la maji safi ya baridi, uyaache kama nusu saa. Mengi yatainuka. Hayatakatika kama ya siku ya kwanza, lakini utaona yamesimama, ngozi imevutika tena. Yale ambayo nusu saa imepita na bado yamelala kama kitambaa kilicholowa, au yamezidi kuwa laini, yaondoe. Yaliyonyauka kidogo yamepungua utamu na sehemu ya vitamini C, kwa hiyo huwa nayaweka kwenye mchuzi au supu, mahali ambapo hayahitaji kukatika mdomoni.

Sasa tushuke chini ya mfuko, kwa yanayoteleza, kwa sababu hapo ndipo penye habari yenyewe.

Ganda lililochumwa bado linaishi. Linapumua, linavuta oksijeni, linatoa kabonidioksidi, maji na joto, na maharagwe machanga yanapumua kwa kasi kubwa kuliko mazao mengi ya jikoni; kiazi au kitunguu haviyafikii hata karibu. Ukiyafungia kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu, mvuke huo hauna pa kwenda. Unagonga plastiki ya baridi, unakuwa matone, matone yanateremka, na maganda ya chini yanalala majini siku baada ya siku. Bakteria walioletwa na udongo, maji na mikono ya wachumaji hawahitaji zaidi ya hapo. Wanaingilia palipochubuka au pale kikonyo kilipokatwa. Ute unaousikia kwenye vidole ni bakteria wenyewe kwa mamilioni, pamoja na utando wanaojitengenezea na utomvu wa seli walizozivunja. Ndiyo maana mtu anayefungua mfuko akatazama juu tu hudanganyika. Kabla ya kuamua lolote, mimina vyote mezani, juu ya taulo safi au karatasi, uone cha chini kimekuwaje.

Usichanganye ute na maji ya kawaida. Haragwe lililotoka kwenye friji huwa na umande, na umande nao unateleza kidogo. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha lisugue tena kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama lilikuwa na umande, sasa ni kavu na unasikia ngozi yake yenye mkwaruzo mdogo. Kama ni ute, utelezi unarudi. Hata ukilipitisha bombani bado linaponyoka kama kipande cha sabuni. Hilo halina mjadala, liende.

Pua nayo ina utaratibu wake, na wengi wanaukosea. Kitu cha baridi hakitoi harufu vizuri. Ukinusa mfuko palepale unapoutoa kwenye friji unaweza kuona hauna neno. Uache mezani dakika kumi ukiwa umefungwa, ndipo uufungue na kuvuta pumzi ya kwanza. Maharagwe mazima yananuka majani yaliyokatwa, harufu ya kijani na safi. Yanayoharibika yana uchachu, au harufu ya maji ya chombo cha maua yaliyokaa wiki nzima. Harufu hiyo ikiwa imejaa mfuko mzima, na si kwa maganda mawili matatu tu, mimi hapo namfuata mama yako: natupa yote. Ina maana uozo umeenea zaidi ya unavyoonekana.

Madoa ya kahawia yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo yanayowatupisha watu chakula kizuri, na kwa sababu mara nyingi aliyeyaleta ni friji yenyewe. Asili ya haragwe hili ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Ni mmea usiopenda baridi. Mahali pazuri pa kuyahifadhi ni kwenye nyuzijoto 5 hadi 7.5 za Selsiasi, penye unyevu mwingi hewani. Chini ya hapo ganda linaumia. Likikaa kwenye nyuzijoto 1 hivi linaanza kudhurika baada ya siku mbili tu, ilhali kwenye nyuzijoto 5 linaweza kumaliza wiki bila kuonyesha kitu. Friji nyingi za nyumbani huwekwa kwenye nyuzijoto 4 au pungufu, na karibu na ukuta wa nyuma huwa baridi zaidi. Jeraha la baridi hutokea kimyakimya, kisha siku ya kutoa maharagwe nje na kuyaacha yapate joto, vinachomoza vidoadoa vya rangi ya kutu, au vishimo vidogo, na ganda zima linapoteza mng'ao wake. Nina hakika kiasi kikubwa cha ulichokiona ni hicho.

Doa la namna hiyo ni kavu. Lipitishie ukucha: halizami, halitoi maji, na liko juu ya ngozi tu, ukilikata ganda kwa ubavu utakuta nyama ya ndani bado ni kijani. Ladha yake imefifia kidogo lakini halina sumu. Tatizo ni kwamba ngozi iliyoumia ni mlango uliofunguliwa, na kuvu hawakawii kuingia. Ndiyo sababu nimekwambia yapike leo. Yakilala usiku mmoja zaidi kwenye unyevu, doa kavu linaweza kuamka doa bichi.

Yapo madoa mengine yaliyotoka shambani. Chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu, huacha mabaka ya mviringo yaliyobonyea, yenye ukingo mweusi au mwekundu wa damu ya mzee. Huo ni ugonjwa wa mmea na haumpati mlaji, lakini ganda lenye baka hilo huoza upesi, kwa hiyo kata sehemu hiyo kwa upana au litupe kama mabaka ni mengi. Mkwaruzo wa kahawia ulionyooka ni upepo na majani yaliyolisugua likiwa bado mtini. Tundu dogo la duara lina mdudu ndani, au alikuwamo; lipasue uone. Doa la kuogopa ni lile lenye maji: limetota, lina rangi ya kijani iliyoiva au kijivu, ukilibonyeza linazama, na ukingo wake hauonekani vizuri kwa sababu bado linatambaa.

Tuje kwenye kivumbi cheupe. Haragwe changa lina vinyweleo. Ukiliinua kwenye mwanga wa dirisha, utaviona vimesimama kwenye ngozi yote, vifupi, vya rangi ya fedha. Baadhi yake vimepinda kwenye ncha kama ndoana, ndiyo maana ganda likigusa sweta linashika. Hivyo vimeenea sawasawa kuanzia kikonyo hadi mkiani na havitoki ukisugua. Ukungu hauko hivyo. Una makao: huanzia kikonyoni, kwenye mvunjiko au kwenye jeraha, halafu unatanuka. Ni kama pamba, mweupe au wa kijivu, mara nyingine una vidoti vyeusi. Pitisha kidole: unafutika, na chini yake unakuta pamelowa na pamelainika. Kama macho yako hayaoni vizuri, piga picha kwa simu ukiwa karibu kisha uikuze.

Kuna kuvu mmoja ninayetaka umjue kwa sura, maana hapo hakuna cha kuchambua. Unakuta maganda matano au kumi yameshikamana kwa nyuzi nyeupe kama kiota cha ndege, na ukijaribu kuyatenganisha yanavuja maji. Sisi huita kiota hivyohivyo. Kiota hakiokolewi ganda mojamoja. Kinyanyue kizima kwa karatasi ukitupe, pamoja na maganda yaliyokizunguka. Nyuzi unazoziona ni sehemu tu. Nyingine zimeshaingia ndani ya majirani zake.

Na hoja ya mume wako, kwamba moto unaua kila kitu? Ninaielewa, na kwa haragwe zima iko karibu na kweli: kuchemsha vizuri kunaua bakteria walio wengi wanaosababisha maradhi ya tumbo. Lakini moto hauwezi kufuta kila walichokiacha. Wapo bakteria, kama *Staphylococcus aureus*, ambao sumu yao inastahimili kuchemshwa hata baada ya wao wenyewe kufa. Wapo wengine wanaotengeneza mbegu ngumu zisizokufa kwenye maji yanayochemka, zikaamka chakula kikipoa. Bakteria wanaotengeneza ute wa mboga kwa kawaida si hao, na watu wengi wamekula haragwe lenye ute bila kuugua. Ninachokiangalia mimi ni hiki: ute unaniambia kwamba mahali hapo palikuwa na unyevu, chakula na muda wa kutosha kwa kiumbe yeyote kuzaliana, na siwezi kumjua kwa macho aliyekuja pamoja naye. Haragwe moja halistahili kubahatishwa hivyo, hasa nyumba ikiwa na mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mtu ambaye kinga yake imepungua.

Upande wa pili pia ni wa kweli, na ni haki nimwambie mama yako: kutokuwa na ute hakumaanishi hakuna kijidudu. Bakteria wanaoleta maradhi makali wanaweza kukaa kwenye ganda zuri linalong'aa bila kutoa harufu wala rangi. Mmoja wao, Listeria, huzaliana hata ndani ya friji. Kwa hiyo kutupa yaliyochakaa hakukuondolei kazi ya kuosha na kupika yaliyobaki.

Kuhusu kuonja ili kujaribu, naomba usifanye. Ganda unalolitilia shaka usilitafune bichi hata kipande. Tena maharagwe mabichi yana protini iitwayo lektini inayosumbua tumbo. Kwenye maganda machanga ni kidogo sana ukilinganisha na punje kavu nyekundu, lakini kuyapika hadi yalainike ndiyo desturi niliyoishika na ninayokushauri.

Basi leo fanya hivi. Usiyaoshe kwanza. Hili ni kosa ninaloliona kila mahali: mtu anamwaga mfuko mzima kwenye beseni la maji, halafu ndiyo aanze kuchagua. Kwa kufanya hivyo amechukua ute wa maganda sita akaupaka kwenye maganda mia. Chambua yakiwa makavu. Yanayoteleza, yanayobonyea na yenye ukungu weka kwenye mfuko wa taka, fungisha, toa nje. Yaliyogusana nayo yapanguse na uyapime mojamoja kwa vidole. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa yaliyo mazima. Ndipo uyaoshe chini ya maji yanayotiririka, bila sabuni, ukiyasugua kwa viganja, ukate vikonyo na ncha, uyapike. Ukimaliza, lile droo la friji lioshe kwa maji ya moto na sabuni na ulikaushe kabisa, la sivyo mboga ya wiki ijayo itarithi kilichobaki humo. Ukiona katika kuchambua kwamba mabovu yamezidi mazima, acha kuchambua, tupa yote. Hapo mama atakuwa ameshinda kwa haki.

Yapo pia mambo yanayofanana na kuharibika na siyo, niyataje upesi. Mkatiko wa kikonyo kugeuka kahawia ni hewa tu imeugusa, kama tofaa lililomenywa. Ganda lenye matuta ya punje limekomaa. Lina uzi mgumu ubavuni na ngozi ngumu, basi bandua punje uzipike peke yake. Rangi ya njano kwenye ganda lililokuwa kijani ni uzee, na mara nyingi limewekwa karibu na ndizi au nyanya zinazoiva, ambazo hutoa gesi ya ethilini inayofifisha kijani. Lakini zipo aina ambazo ni za njano tangu mtini, na nyingine za zambarau ambazo hugeuka kijani zikiingia kwenye maji ya moto. Na maharagwe yaliyopikwa yakawa kijani cha jeshi hayajaharibika sufuriani: joto na asidi vimeiondolea klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea, madini yake ya magnesi, hasa ukiwa umetia limau au nyanya mapema.

Siku nyingine, ukifika nyumbani toa maharagwe kwenye mfuko wa dukani. Ondoa yaliyovunjika na yenye majeraha, hayo yapike jioni ileile. Yaliyobaki usiyaoshe. Yafunge kwenye karatasi ya jikoni au kitambaa chepesi kikavu, uyaweke kwenye mfuko wenye matundu au chombo ambacho kifuniko chake hakijabana, kisha kwenye droo la mboga, mbali na ukuta wa nyuma wa friji na mbali na matunda yanayoiva. Ukiona karatasi imelowa, badilisha. Kwa utaratibu huo panga kuyala ndani ya siku tano, ukichelewa sana wiki. Siku sita kwenye mfuko uliofungwa, kama ilivyokuwa kwako, ni nyingi. Yaliyokwishakatwa vipande yana majeraha kila upande, hayo siku mbili au tatu zinatosha.

Ukijua hutayamaliza, usingoje yachoke. Yachemshe dakika tatu, yatumbukize kwenye maji ya barafu, yakaushe vizuri, uyagandishe. Yatakaa miezi minane hadi kumi na miwili bila kupoteza mengi. Ila usijaribu kuyahifadhi kwenye chupa kwa kuyachemsha tu kwenye sufuria ya kawaida. Maharagwe machanga hayana asidi ya kutosha, na ndani ya chupa isiyo na hewa, bakteria aitwaye *Clostridium botulinum* hutoa sumu inayopooza mwili na inayoweza kuua, mara nyingine bila harufu yoyote. Hapo inahitajika mashine ya kuhifadhia chakula kwa mvuke wa shinikizo, yenye joto kupita la maji yanayochemka, na maelekezo yake kufuatwa neno kwa neno. Kopo lolote lililovimba au linalovuja halionjwi, linatupwa. Yaliyopikwa yasikae nje zaidi ya saa mbili, na yakiwa kwenye friji uyale ndani ya siku tatu au nne.

Sasa mtoto. Ulisema alikula juzi, na hukusema kwamba ameumwa. Kama yale uliyompikia hayakuwa na ute na yaliiva vizuri, hatari ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Maradhi mengi ya chakula hujitokeza kati ya saa chache na siku tatu hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wa wasiwasi umeshaupita. Endelea kumwangalia kwa siku chache zijazo bila kumbadilishia chakula chake. Akiharisha, mpe maji mara kwa mara kwa kiasi kidogokidogo, pamoja na maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, yanayochanganywa kama pakiti inavyoelekeza. Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona kuharisha kumezidi siku moja, damu kwenye choo, homa, kutapika kusikoruhusu maji kukaa tumboni, au dalili za kuishiwa maji: mdomo mkavu, kulia bila machozi, saa nyingi kupita bila kukojoa, au kulegea na kulala kupita kawaida yake. Ukifika, mwambie daktari alikula nini na lini, na kwamba mfuko ulikuwa na maganda yaliyooza chini yake. Na kama hajambo, anacheza na anakula kama kawaida, mpikie yale mazima ya leo, yaive hadi uma upite bila kusukuma.